UZI: Sabotage, hujuma na kiatu cha mti. Neno lilitoka wapi, na sisi tulitafsirije?

Kalamu_ya_Mwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, ile hadithi imeanza kuzunguka tena kwenye makundi: eti zamani wafanyakazi wa viwandani Ufaransa (wengine husema Ubelgiji, wengine Uholanzi) waliwakasirikia matajiri wao, wakavua viatu vyao vya mti vinavyoitwa sabot, wakavitupa katikati ya mashine, meno ya gia yakavunjika, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza sabotage.

Hadithi ni tamu, lakini haina mashiko. Neno lina kiatu ndani yake, hilo kweli. Kutupwa hakumo. Lilipoanza kutumika kwenye mambo ya kazi halikuwa na maana ya kuvunja kitu chochote. Maana yake ilikuwa kufanya kazi vibaya kwa makusudi.

Ngazi zake ni hizi. Kifaransa kina jina sabot, kiatu cha mti. Kutoka hapo kikaunda kitenzi saboter, ambacho kilimaanisha kutembea kwa kishindo cha viatu hivyo, kisha katika karne ya 19 kikazoeleka kwa maana ya kuboronga: mpiga muziki akiuharibu wimbo kwa haraka haraka, ame-saboter. Kutoka kitenzi likaja jina sabotage. Kiingereza kililichukua likiwa zima, matamshi na yote, kufikia 1910. Ile j laini ya mwisho hadi leo ni ya Kifaransa.

Kwa hiyo kama mnataka neno la Kiswahili lililo karibu na saboter ya mwanzo, si kuangamiza wala kubomoa. Ni *kulipua kazi*. Fundi aliyepaka rangi bila kupiga msasa wala kutia praima, siku ya tatu ukuta unamenyeka kama ngozi ya kitunguu: huyo kalipua. Na tazameni ajabu yake, kulipua kwetu pia ni neno la baruti.

---

Bi_Msuruaki

Kabla hamjafika mbali, tuseme kiatu chenyewe. Wengi wanatafsiri sabot kuwa mtalawanda. Vyote ni vya mti, lakini havifanani. Mtalawanda ni ubao wa unyayo, chini una visigino viwili, juu kuna msuruaki, kile kijiti kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Mguu uko wazi. Ni wa kuendea msalani na kisimani, usikanyage maji.

Sabot imechongwa kutoka kipande kimoja cha mti na imefunika mguu wote wa mbele hadi kisigino. Mti wake ni mlaini au wa kati, mpopla, mwilo, beech. Unachongwa ukiwa mbichi kwa sababu ukikauka unapasuka kwenye patasi. Ndani hutobolewa kwa keekee yenye mdomo kama kijiko, kisha kiatu huachwa kikauke taratibu. Mvaaji hutia majani makavu ndani. Kizito, hakikunjiki, na kwenye mawe kinapiga kelele. Anayekivaa hawezi kutembea kwa madaha, na hapo ndipo maana ya ugoigoi na kuboronga ilipozaliwa.

Na jambo ambalo silioni likisemwa: neno hili lina ndugu yake kwetu. Sabot ni savate, kiatu kikuukuu, lililochanganyika na neno jingine la kiatu, bot. Savate ni ukoo mmoja na zapato la Kihispania, ciabatta la Kiitaliano na sapato la Kireno. Hilo la Kireno ndilo lililoshuka pwani yetu likawa *sapatu*. Kwa hiyo sapatu za bibi na sabotage ni binamu.

---

Taruma_la_Chuma

Naongeza upande wa reli, kwa sababu kuna hadithi ya pili ya uongo huko.

Kwa Kifaransa sabot si kiatu tu. Ni kitu chochote kinachovalishwa au kinachoshika kwa chini, kama sisi mafundi tunavyosema breki shuu bila kufikiria kiatu. Kizuizi cha gurudumu la treni ni sabot. Kile kibano cha chuma wanachofungia gurudumu la gari lililoegeshwa vibaya, Wafaransa hukiita sabot de Denver. Kwenye mizinga, sabot ni ganda jepesi linaloshika risasi nyembamba ndani ya mtutu mpana, likitoka mdomoni linabanduka na kuacha mshale wenyewe uende.

Sasa kwenye ujenzi wa reli, sabotage lilikuwa neno halali kabisa la ufundi: kuchonga mataruma ya mti, kukata bapa mahali pa kukalia reli ili ilale kwa mwinamo unaotakiwa. Hapo hakuna uharibifu wowote, ni kazi ya kujenga. Watu waliposikia sabotage inahusishwa na mgomo wa reli wa Ufaransa wa 1910, wakaunganisha: kumbe wagomaji walikata vishikizo vya reli! Si hivyo. Neno lilikuwa limeshaingia kwenye vyama vya wafanyakazi miaka 13 kabla ya mgomo huo.

---

Chumvi_Kidogo

Mkuu Kalamu, umesema kiatu hakikutupwa. Una hakika gani? Wafanyakazi walivunja mashine kweli, hilo lipo kwenye historia.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Walivunja, lakini wengine, mahali pengine, na kwa jina jingine. Unaowafikiria ni Waludi wa Uingereza, 1811 hadi 1816, walioanzia Nottinghamshire. Walivunja mitambo ya kufuma soksi kwa nyundo nzito. Bunge likapitisha sheria mwaka 1812 iliyofanya kosa hilo adhabu yake kifo, na mshairi Lord Byron akasimama kuipinga kwenye Baraza la Malodi. Hakuna aliyeliita tendo lao sabotage, neno lilikuwa halijafika Uingereza. Wao wameacha neno lao wenyewe, Luddite, ambalo leo linatupwa kwa mtu yeyote asiyependa simu janja.

Sabotage ya vyama vya wafanyakazi ina tarehe na mahali. Septemba 1897, mji wa Toulouse, mkutano mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa, CGT. Msukumaji mkuu alikuwa Émile Pouget, mwandishi wa magazeti ya kianakisti. Taarifa iliyosomwa pale iliunganisha silaha mbili, kususia na sabotage. Kususia nako kulikuwa kugeni, jina lake boycott limetoka kwa Kapteni Boycott wa Ireland, 1880. Kauli yao ilikuwa fupi: malipo mabovu, kazi mbovu.

Mfano waliotumia ulitoka Glasgow, 1889. Makuli wa bandarini waligoma wakitaka nyongeza ya asilimia 10. Waajiri wakaleta vibarua wa mashambani kupakua meli. Mgomo ukashindwa, makuli wakarudi kwa mshahara uleule. Katibu wa chama akawaambia hivi: matajiri wamesema hadharani wameridhika na wale wakulima. Sisi tumewaona, hata kutembea juu ya ubao wa meli hawawezi, wawili hawafikishi kazi ya mmoja wenu. Basi fanyeni kama wao. Ila wao walikuwa wakitumbukia majini, hilo si lazima mlifuate.

Siku chache tu zikatosha. Waajiri wakaomba kazi irudi kama zamani, na asilimia 10 ikatoka. Kwa Kiskoti mbinu hiyo iliitwa ca' canny, maana yake nenda pole. Sisi tunaiita mgomo baridi, na nadiriki kusema Kiswahili kimeita vizuri kuliko Kifaransa.

Kumbuka hakuna kilichovunjwa pale Glasgow, hata sanduku moja.

---

Karani_Mstaafu_Mtarajiwa

Aina alizozieleza Pouget zinafaa zitajwe, kwa sababu zinaonyesha neno lilikuwa pana kiasi gani kabla ya mabomu kulimeza.

Moja ni kupunguza kasi au ubora, kama Glasgow. Nyingine ni kufuata kanuni kikamilifu: wafanyakazi wa reli wa Italia walifanya hivyo 1905, wakatekeleza kila kifungu cha kitabu cha kanuni neno kwa neno, treni zikachelewa nchi nzima na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria. Anayejua ofisi anaelewa: kitabu cha kanuni kikifuatwa chote, kazi inasimama.

Ninayoipenda zaidi aliiita mdomo wazi. Muuza duka au mpishi anamwambia mteja ukweli mtupu: nyama hii ni ya juzi, maziwa haya yameongezwa maji, kitambaa hiki kitachuja ukikifua mara moja. Kusema kweli nako kulihesabiwa sabotage! Kwa sababu kinachopigwa ni mfuko wa tajiri, na Pouget alisisitiza hivyo, mteja asidhurike.

---

Chumvi_Kidogo

Sawa, nimekubali kuhusu kiatu. Sasa uharibifu uliingilia wapi? Leo ukimwambia mtu sabotage anaona daraja linaruka.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Uliingia kwa mikono mitatu: magazeti, vita, na sheria.

Oktoba 1910 wafanyakazi wa reli Ufaransa waligoma. Waziri Mkuu Aristide Briand akawaita wote jeshini kwa amri, ili anayegoma ahesabike askari anayekaidi. Nyaya za simu na za ishara zikakatwa huku na kule. Magazeti ya London yakahitaji neno, yakachukua la Kifaransa, na yalichukua upande wa nyaya zilizokatwa, si upande wa kazi polepole. Kwa hiyo Kiingereza kililipokea neno likiwa tayari limepinda.

Marekani chama cha wafanyakazi cha IWW kiliendelea kwa muda na maana ya zamani. Mwanaharakati wake Elizabeth Gurley Flynn aliieleza kama kuondoa ufanisi kwa makusudi. Lakini chama hichohicho kilipamba mabango yake kwa kiatu cha mti na paka mweusi aliyekunja mgongo, na picha ina nguvu kuliko ufafanuzi. Hadithi ya kutupa kiatu imenenepea hapo.

Kisha vita. Tarehe 30 Julai 1916 ghala la silaha la Black Tom, bandari ya New York upande wa New Jersey, lililipuliwa na mawakala wa Ujerumani. Vioo vilipasuka hadi Manhattan, na mkono wa Sanamu ya Uhuru ulioshika mwenge ukafungwa kwa wageni mpaka leo. Tarehe 20 Aprili 1918 Marekani ikapata sheria iliyobeba neno hilo, ikilenga kuharibu vifaa vya vita. Tangu hapo saboteur ni mtu wa baruti na usiku.

Maana ya zamani ilirudi mara moja kwa mlango wa nyuma. Januari 1944 idara ya ujasusi ya Marekani, OSS, ilitoa kijitabu cha siri kwa ajili ya raia wa nchi zilizokaliwa na adui. Sehemu ya ofisini inasema: sisitiza kila jambo lipite ngazi zake rasmi, usiruhusu njia ya mkato. Toa hotuba ndefu. Peleka kila suala kwenye kamati, na kamati iwe kubwa, wajumbe wasipungue watano. Bishana juu ya maneno ya muhtasari. Fungua upya jambo lililoamuliwa kikao kilichopita.

Sitaji ofisi yoyote.

---

Sura_ya_200

Sasa njooni nyumbani. Tanzania ndiyo nchi ambayo neno hili lilipata maisha marefu ya kisheria kwa Kiswahili: *uhujumu uchumi*.

Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kamatakamata ya watu waliodaiwa kuficha bidhaa, kulangua na kumiliki fedha za kigeni. Sheria ikafuata, Namba 9 ya 1983, ikaunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo. Mawakili hawakuruhusiwa, dhamana hakuna. Mwaka uliofuata ikafutwa na kuwekwa Sheria Namba 13 ya 1984, ambayo leo ni Sura ya 200, na kesi zikahamia Mahakama Kuu. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka 2016 marekebisho yakaunda divisheni maalumu ya Mahakama Kuu ambayo mtaani ilibatizwa mahakama ya mafisadi.

Wanahabari na wakalimani wanakosea hapa kila wiki. Jina la Kiingereza la sheria ya 1983 lilikuwa na neno sabotage. Sheria ya 1984 haina, inasema makosa ya kiuchumi na ya kupangwa. Kiswahili kikabaki na uhujumu uchumi kwa zote mbili. Orodha ya makosa ni ndefu: kukutwa na nyara za serikali kama meno ya tembo, kuisababishia hasara mamlaka, na mengine. Ukitafsiri kesi ya meno ya tembo kwenda Kiingereza ukaandika sabotage, msomaji wa nje anafikiri mtu kalipua kiwanda. Andika kosa la kiuchumi, basi.

---

Karani_Mstaafu_Mtarajiwa

Hapo ndugu yangu umenikumbusha Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani. Baada ya Vita ya Kwanza aliligeuza neno kichwa chini miguu juu. Alisema kama sabotage ni kuondoa ufanisi kwa makusudi, basi bingwa wake si kuli wala seremala. Ni mwenye mali anayepunguza uzalishaji au kuzuia bidhaa ili bei isishuke.

Mfanyabiashara wa 1983 aliyefungia sukari na sabuni stoo akisubiri bei ipande, kwa kipimo cha Veblen alikuwa anafanya sabotage halisi bila kuvunja hata kikombe. Sisemi kamatakamata ile ilifanywa kwa haki. Kesi bila wakili si kesi. Nasema tafsiri ilikuwa sahihi kuliko wengi wanavyodhani.

---

Mombasa_Raha_Tupu

Wandugu, nawaunga mkono ila kuhusu neno hujuma lenyewe lazima tutazame Kiarabu. Hujuum ni shambulio, uvamizi wa ghafla. Ndivyo lilivyoingia, na maana hiyo ingali hai: waasi wamehujumu kambi. Kusema hujuma ni kitendo cha siri ni chumvi tuliyoiongeza wenyewe.

Cha kuchekesha, Waarabu wenyewe wakitaka kusema sabotage hawasemi hujuum. Wanasema takhriib, kutoka mzizi wa kh-r-b, kuwa gofu. Mzizi huo sisi tunao tangu zamani, ndio *haribu*. Yaani walichukua neno ambalo kwetu ni la kila siku, mtoto kaharibu redio, na sisi tukachukua lao la vita. Kabati ni moja, la Kiarabu, ila kila mmoja amechagua nguo yake.

---

Chumvi_Kidogo

Ndiyo maana hapa kwetu kila kitu ni hujuma. Mtu kaiba mafuta ya transfoma, hujuma. Kapasua kioo cha basi, hujuma. Timu imefungwa nyumbani, wachezaji wamehujumu.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Kuna tofauti ya kushika. Anayeiba mafuta ya transfoma anataka mafuta, kuzimika kwa umeme ni matokeo tu. Huo ni wizi na uharibifu. Kiingereza kingeita vandalism, neno alilolitunga Askofu Grégoire mwaka 1794 akilalamikia kuvunjwa kwa sanaa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, akiwakumbuka Wavandali walioipora Roma mwaka 455. Sabotage inataka nia ya kukwamisha. Kuzimika ndiko kunakotafutwa.

Mfano ulio safi kabisa ni Afrika Kusini. Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ilianza tarehe 16 Desemba 1961 kwa kulipua nguzo za umeme na ofisi za serikali. Mwaka 1962 serikali ya makaburu ikatunga sheria ya sabotage, adhabu ya chini miaka 5, ya juu kifo. Kizimbani, tarehe 20 Aprili 1964, Mandela alitaja njia nne: sabotage, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi, akaeleza kuwa walichagua ya kwanza kwa sababu haikuhusisha kupoteza maisha ya watu. Ukitafsiri hotuba ile ukaweka *ugaidi* mahali pa hujuma, umemtia mdomoni kile alichokikataa kwa jina.

---

Sura_ya_200

Basi tuweke utaratibu wa anayetafsiri, maana uzi usiishie kwenye viatu.

Jiulize kwanza nani katenda. Wa ndani akipunguza kasi, andika mgomo baridi. Akiboronga kwa makusudi, sema ameboronga kwa makusudi, au kalipua kazi kama maandishi si rasmi. Kama kitu kimechanganywa, mfano dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, tuna kuchakachua. Kama mali imeharibiwa ili shughuli ikwame, hapo hujuma imekaa mahali pake. Kama ni shambulio la wazi mchana, usiandike hujuma kwa wasomaji wa Bara, watadhani ni la siri. Andika shambulio. Na kama ni mtu kamwaribia mwenzake jambo lililokuwa linaelekea kufaulu, mswahili ana msemo ambao hauhitaji mashine: kamtia mchanga kwenye kitumbua.

Hiyo ya mtu kujihujumu mwenyewe, inayopendwa na washauri wa saikolojia, *kujihujumu* inaeleweka ila ni nzito. Kujitilia mchanga kitumbua inatosha.

---

Bi_Msuruaki

Niwape moja mnijibu. Gazeti la Kiingereza limesema upande mmoja umefanyia sabotage mazungumzo ya amani. Habari yenyewe ukiisoma, walichofanya ni kuchelewa vikao, kudai ajenda iandikwe upya, kubadilisha wajumbe kila wiki. Mmeandikaje?

---

Mombasa_Raha_Tupu

Wameyahujumu mazungumzo.

---

Bi_Msuruaki

Msomaji atauliza bomu liko wapi.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Wameyakwamisha mazungumzo kwa kuyapiga danadana.